Siti binti Saad, Mwana wa Mzigua, na Kiunguja cha Mwaka wa 1928

Katika mwaka wa 1928 lahaja ya Unguja ilitukuzwa mara mbili, na waliotenda jambo la kwanza hawakuwa na habari ya waliotenda la pili. Mwezi wa Juni wakuu wa elimu wa nchi za Afrika ya Mashariki, pamoja na wamisionari na wataalamu, naye Profesa Carl Meinhof wa Hamburg akiwa miongoni mwao, walikutana Mombasa, wakakata shauri kwamba Kiunguja ndicho kitakachokuwa msingi wa Kiswahili cha vitabu na cha shule. Kimvita, ambacho kilikuwa na washairi wakubwa na watetezi wenye bidii, kikawekwa kando. Kutokana na shauri hilo ikaundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili, iliyoanza kazi yake tarehe 1 Januari 1930.

Jambo la pili halikuandikwa katika kumbukumbu za mkutano wowote. Katika mwaka huo huo mwanamke mmoja wa makamo, asiyepata kukaa darasani hata siku moja, alipanda meli bandarini Unguja pamoja na wapigaji wake, akavuka bahari mpaka Bombay, akasimama mbele ya kipaza sauti cha kampuni ya His Master's Voice, akaimba kwa Kiunguja. Jina lake lilikuwa Siti binti Saad. Aghalabu hutajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki ambaye sauti yake ilitiwa katika santuri za kuuzwa. Wajumbe wa Mombasa walikipa Kiunguja cheo kwa kalamu, naye akakipa kwa koo. Na msomaji wa historia ya lugha ana haki ya kuuliza ni lipi kati ya mambo hayo mawili lililoyafikia masikio ya watu wengi zaidi.

Lakini Kiunguja hicho kilikuwa cha nani? Swali hili haliwezi kujibiwa kwa kutazama Unguja peke yake. Siti alizaliwa Fumba, kijiji cha wavuvi na wakulima kusini magharibi ya kisiwa, yapata mwaka wa 1880. Saad, baba yake, alikuwa Mnyamwezi wa asili ya Tabora. Mama yake alikuwa Mzigua wa asili ya Tanga. Kwa desturi ya Kiislamu mtoto huitwa kwa jina la baba, na ndiyo sababu dunia ikamjua kwa jina la binti Saad. Mama hakuingia katika jina, na kwa kuwa hakuingia katika jina, wengi waliosimulia habari za Siti wamempita mbio. Hapo pana kosa linalofaa kusahihishwa.

Nchi ya Wazigua ni ile inayotandaa toka pwani ya Saadani na Pangani, ikapanda bara mpaka Handeni, na kufika ukingo wa Korogwe, ambako mto Ruvu, uitwao pia Pangani, unawatenga na Washambaa na Wabondei. Ni nchi ya nyika na miti ya miiba, yenye mvua za kubahatisha. Mtu apitaye huko huona jinsi majina ya mahali yalivyojengwa: Kwaluguru, Kwamsisi, Kwamatuku, Kwamkono, na mengine mengi yaanzayo kwa kiambishi hicho hicho. Jina la namna hiyo lina maana ya pake fulani, au penye kitu fulani. Ni kumbukumbu ya mtu au ya alama, iliyobaki hata baada ya mtu mwenyewe kusahauliwa na alama kutoweka. Ni namna ya kusema kwamba mahali hapa pana mwenyewe. Jambo hili na likumbukwe, kwa maana jina alilopewa mtoto wa Fumba lilisema kinyume chake.

Tena Wazigua, kama walivyo jirani zao Wanguu, Wakaguru na Waluguru, tangu kale walihesabu ukoo kwa upande wa mama. T. O. Beidelman aliwakusanya wote katika kitabu kimoja, mwaka wa 1967, kwa sababu hiyo hiyo. Mtoto alikuwa wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye aliyekuwa na sauti juu yake katika mambo makubwa. Kwa sheria ya Unguja, basi, Siti ni binti wa Saad wa Unyamwezi. Bali mzee wa Handeni au wa Kwaluguru, akitumia hesabu ya mababu zake, angemwambia mara moja kwamba huyu ni Mzigua, na kwamba Saad ni mume wa mama yake.

Wazigua walifikaje Unguja? Wengi walifika kwa njaa. Katika miaka ya thelathini ya karne ya 19 mvua zilikatika katika Uzigua, na njaa kubwa ikaingia. Watu walishuka pwani kutafuta chakula. Wengine waliweka rehani watoto wao, wengine walijiweka rehani wenyewe, na wengi walidanganywa kwamba wanapelekwa mahali penye kazi na posho. Huo ndio wakati ambapo mikarafuu ilikuwa ikienea Unguja na Pemba chini ya Sayyid Said, na mashamba yalitaka mikono. Toka Saadani mpaka Unguja si mbali kwa jahazi, na mtu aliyeuawa na njaa asubuhi angeweza kuwa mali ya mtu mwingine kabla ya juzi yake kusahauliwa.

Hapa historia ya lugha inatoa mfano ambao hauna mwenziwe katika pwani hii. Baadhi ya Wazigua walipelekwa mbali zaidi, mpaka pwani ya Somalia. Huko wakatoroka mashamba ya mabwana zao, wakajikusanya katika misitu ya mto Juba, wakajenga vijiji vyao na kujilinda kwa silaha; na wajukuu wao wamesema Kizigua mpaka karne hii, kiasi kwamba Mzigua wa Handeni akikutana nao huelewana nao. Wale waliobaki Unguja hawakuwa na msitu wa kukimbilia. Walikaa kati ya watu wa kila kabila: Wanyamwezi, Wayao, Wamanyema, Wanyasa, Wazaramu. Kizigua kikafa katika vinywa vya watoto wao, na Kiswahili kikashika mahali pake. Ni ajabu kidogo kwamba mnamo mwaka wa 1906, Kisbey, mmisionari wa Kanisa la UMCA, alipotoa kamusi ya Kizigua kwa ajili ya bara, kisiwani kulikuwa na watu wa asili hiyo hiyo ambao kamusi hiyo isingewafaa kitu. Lakini wasomaji wasidhani kwamba watu hawa walipokea Kiswahili kama mgeni apokeavyo kanzu ya kuazima. Wakati Siti anazaliwa, watu wa asili ya bara na watoto wao walikuwa sehemu kubwa ya wakazi wa Unguja. Kiunguja cha mashambani na cha mitaa ya maskini kilikuwa chao, nao ndio waliokuwa wakikifinyanga kila siku.

Mtoto wa Fumba alipewa jina la Mtumwa. Biashara ya watumwa ilikuwa imepigwa marufuku mwaka wa 1873, na soko la Unguja likafungwa. Lakini kumiliki mtumwa kulikuwa halali mpaka amri ya mwaka wa 1897. Mtoto huyu akazaliwa kati ya tarehe hizo mbili. Mwanafunzi wa lugha hawezi kulipita jina hili bila kulitazama. Limetoka katika kitenzi tuma, likatiwa alama ya kutendwa: mtumwa ni yeye atumwaye. Toka shina hilo hilo Kiswahili kimepata mtumishi, kikapata pia mtume. Tofauti kati ya maneno hayo ni silabi moja ya mwisho, na katika maisha ya watu ilikuwa ni tofauti ya mbingu na ardhi. Jina la Kwaluguru hueleza kwamba mahali ni pa mtu. Jina la Mtumwa hueleza kwamba mtu ni wa mtu.

Mama yake alikuwa mfinyanzi. Kazi hiyo aliifanya pwani kama wanawake wengi wa bara wanavyoifanya kwao: kuchimba udongo, kuuponda na kuuloweka, kuinua chungu kwa mkono bila gurudumu, kukisugua kwa jiwe, kukianika kivulini, na mwisho kukichoma kwa kuni na makumbi. Binti alijifunza, wala hakuwa hodari sana katika kufinyanga. Kazi yake ikawa kuchukua vyungu kichwani na kuvitembeza mjini. Methali husema mfinyanzi hulia gaeni, na kwa nyumba ile haikuwa methali bali habari ya kila siku. Mchuuzi wa miguu huuza kwa sauti. Ilimpasa kunadi bidhaa yake katika vichochoro vya mawe, sauti ipande mpaka ghorofani ambako wanawake wa watu wakubwa walikaa wasikotoka, nayo ipande kwa uzuri, kwa maana sauti mbaya hufungiwa dirisha. Wenye kutafuta chuo alichosomea Siti wasipoteze muda: chuo chake cha kwanza kilikuwa njia ya Fumba kwenda mjini, akiwa na mzigo wa vyungu kichwani.

Aliolewa, akazaa, ndoa ikavunjika. Mwaka wa 1911 aliacha Fumba akahamia mjini.

Muziki aliokuta mjini haukuwa umeandaliwa kwa watu wa namna yake. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala toka 1870 mpaka 1888, ndiye anayetajwa kuwa alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri kujifunza kupiga kanuni na kurudi kufundisha wengine. Taarabu ikawa burudani ya jumba la Sultani, na maneno yake yalikuwa ya Kiarabu. Mwaka wa 1905 vijana wa mjini waliunda chama cha Nadi Ikhwani Safaa, wakaagiza ala zao na kuimba kwa Kiarabu vile vile. Waimbaji walikuwa wanaume, na wasikilizaji walikuwa watu wenye nasaba. Watu wa Ng'ambo, ng'ambo ya hori, waliisikia ikivuma toka mbali tu; wao walikuwa na ngoma zao.

Mtu mmoja wa Ikhwani Safaa, Ali Muhammed, alimsikia mwanamke huyu akiimba, akaona kwamba mbele yake pana jambo. Akamchukua akamfundisha: jinsi ya kufuata ala, jinsi ya kuvuta pumzi, jinsi ya kutamka herufi za Kiarabu mahali pake kooni. Baadaye wakajikusanya kwake wapigaji ambao majina yao hayatengani na lake: Subeti bin Ambari, Mbaruku, Buda, na Mwalimu Shaaban. Majina yenyewe yanaonyesha kwamba hao hawakuwa watoto wa majumba ya kifahari. Kundi lilipokutana usiku Ng'ambo kutunga na kufanya mazoezi, watu walikusanyika kusikiliza, na habari za mtaa ziliingia kwa mlango mmoja zikatoka kwa mwingine zimekuwa wimbo. Siku nyingine kundi hilo hilo liliitwa kuimba mbele ya Sultani. Nasra Mohamed Hilal, aliyeandika maisha yake mwaka wa 2007, aliyasema yote kwa jina la kitabu tu alipomwita mfinyanzi aliyeingia kasri.

Inafaa kumweka Siti kando ya wasanii wa kike waliosifiwa katika karne ile ile huko Ulaya. Marie Taglioni, aliyezaliwa Stockholm mwaka wa 1804, ndiye aliyekuwa nyota wa baleti ya zama za Uromantiki. Mwaka wa 1832 alicheza La Sylphide jijini Paris, na tangu hapo mchezo wa kusimama juu ya ncha za vidole ukawa lugha ya baleti yote. Lakini Taglioni alizaliwa katika nyumba ya wachezaji. Baba yake, Filippo, ndiye aliyekuwa mwalimu wake, ndiye aliyemtungia mchezo ule, na jukwaa lilikuwa urithi wake. Tena alichotakiwa kuonyesha kilikuwa ni kiumbe kisicho mwili, jini wa msituni asiyegusa ardhi, na sifa kubwa aliyopewa ni kwamba miguu yake haikusikika. Siti hakurithi jukwaa. Na nyimbo zake hazikumpeleka msikilizaji kwenye msitu wa majini, bali zilimrudisha mahakamani, dukani, na kwenye mlango wa jirani. Kuna tofauti nyingine iliyo kubwa kwa mtafiti. Taglioni alifariki Marseille mwaka wa 1884, na uchezaji wake ukafariki naye. Wa leo wana picha za kuchorwa na maneno ya waliomwona. Siti alizaliwa wakati ambapo mashine ya kushika sauti ilikuwa mpya, akaifikia ilipokuwa imekomaa. Miaka mitatu tu kabla ya safari ya Bombay, makampuni yalikuwa yameanza kutumia umeme na kipaza sauti katika kurekodi, na kuacha ile pembe ya zamani iliyomlazimu mwimbaji kupiga kelele.

Kazi yenyewe ya Bombay haikuwa nyepesi. Santuri ya siku zile, yenye kuzunguka mara 78 kwa dakika, ilichukua yapata dakika tatu kwa kila upande. Taarabu ilikuwa kazi ya usiku kucha: ubeti huimbwa, hurudiwa, msikilizaji akaguswa akainuka kutunza, mwimbaji akaurudia tena kwa ajili yake, na wimbo mmoja ukaweza kuijaza saa. Ililazimu basi wimbo ukatwe, ubaki na beti zake zenye nguvu, au ugawanywe uso na mgongo wa sahani. Wale wanaolaumu kwamba nyimbo za santuri ni fupi na kavu kuliko walivyosimuliwa na wazee wao wasimlaumu Siti. Na waulaumu mzunguko wa sahani. Hata hivyo kitu kimoja kilifaidika kwa ufupi ule, nacho ni maneno. Kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kurudia, kila neno lilipaswa kusikika mara ya kwanza.

Siti aliimba kwa Kiarabu pia, na kwa Kihindi. Lakini Kiswahili ndicho kilichouza. Toka 1928, katika miaka michache tu, yeye na wenziwe waliimba nyimbo zaidi ya mia mbili kwa ajili ya santuri. Kampuni nyingine zilipoona soko hilo zikaja zenyewe Afrika ya Mashariki mwaka wa 1930, Odeon ikarekodi Mombasa na Columbia ikarekodi Unguja. Gramafoni ilikuwa ghali, wala haikumpasa kila mtu kuwa nayo: mkahawa mmoja wenye gramafoni ulitosha mtaa mzima, na mwenye mkahawa aliuza kahawa zaidi. Kwa njia hiyo Kiunguja cha Ng'ambo kilisafiri mpaka miji ya bara kabla ya vitabu vya Kamati kuchapwa. Wajumbe wa Mombasa walikuwa na azma njema ya kueneza lahaja moja, wala kazi yao haidharauliwi hapa. Lakini ilikuwa kazi ya miaka mingi, na ilipofika bara ilikuta mara nyingi kwamba sauti ya mwanamke mmoja imekwisha pita.

Je, Kiunguja cha santuri ni kile kile cha Kamati? Jibu ni kwamba ni kile na si kile. Sarufi ni moja. Lakini vitabu vya Kamati vilitakiwa kusafisha lugha, kuchagua neno moja kati ya matatu, na kuondoa maneno ambayo mwalimu angeona haya kuyasoma mbele ya watoto. Nyimbo za Siti hazikusafishwa. Humo mna mafumbo ya wanawake wanaotupiana maneno bila kutajana, mna Kiarabu cha sala na Kihindi cha dukani, mna majina ya mitaa na ya watu. Jambo kubwa ni kwamba mna usemi wa wanawake. Vitabu vilivyoandikwa katika miaka ile, karibu vyote, viliandikwa na wanaume au kusahihishwa na wanaume. Mtu atakaye kujua mwanamke wa Unguja wa asili ya kitumwa alivyosema mwaka wa 1928, alivyokatiza sentensi na alivyokaza mkazo, hana budi kuacha kitabu na kuweka sindano juu ya sahani.

Wimbo wa Kijiti ni mfano ulio mashuhuri kupita yote. Mwanamke mmoja wa Dar es Salaam alikuja Unguja kutembea. Mtu aliyeitwa Kijiti akamwalika kwenye karamu ya ulevi, akamharibu na kumwua, kisha akatorokea bara. Shauri lilipofika mahakamani, wanawake wawili waliokuwamo katika habari ile, na waliotoa ushahidi, ndio waliotiwa hatiani kwa sababu ya ulevi, mwuaji hakuonekana. Wimbo unasimulia yote hayo kwa ukavu wa mwandishi wa mahakama, na ukavu huo ndio unaochoma. Wasifu wa mahakama ya kikoloni umeandikwa na mahakimu wenyewe. Huu ni mmoja katika wasifu michache iliyoandikwa upande wa pili. Katika wimbo mwingine mkubwa aliyefungwa kwa wizi huchekwa kwa upole ambao ni mkali kuliko matusi. Wala si ajabu kwamba nyimbo hizi zilizaliwa Ng'ambo, mahali ambapo mwaka huo huo wa 1928 watu waligoma kulipa kodi ya ardhi kwa wenye viwanja. Mwaka ule ulikuwa na maneno mengi.

Wapo waliochukizwa. Mwanamke wa asili ya kitumwa, asiye na sura ya kusifiwa na washairi, amekuwa akiitwa kasri na kupanda meli! Wakamtungia wimbo wa kumkumbusha kaniki aliyoingia nayo mjini, na kwamba lau si sauti angekufa njaa. Kaniki ilikuwa nguo ya watumwa na ya maskini. Tusi lile lilikuwa la nasaba, si la nguo. Jibu la Siti lilikuwa wimbo pia, nalo lilisema kwa ufupi kwamba uzuri wa sura na ubora wa ukoo si kitu, mtu hupimwa kwa akili na tabia. Wasomi wamezoea kulisifu jibu hilo kwa hekima yake. Laiti wangetazama pia ujasiri wake wa kisheria, kwa maana aliyejibu hivyo hakukanusha kaniki. Hakujitafutia babu wa Shirazi wala wa Arabuni, kama walivyofanya wengi wakati ule, ambapo serikali ilihesabu watu kwa asili na kuwagawia haki kwa asili. Aliacha asili yake ikae palepale ilipo, akabishana juu ya thamani yake.

Na jina la Siti lenyewe? Ni neno la Kiarabu lenye maana ya bibi, mwanamke mwenye heshima. Alipewa baada ya sauti yake kujulikana, likafunika lile la Mtumwa mpaka likasahauliwa na wengi. Katika pwani hii watu waliotoka utumwani walibadili majina kwa wingi baada ya 1897, wengine kimyakimya, wakihama mtaa ili wasikutane na wanaowajua. Yeye alibadili mbele ya watu wote, na watu wenyewe ndio walioliita jina jipya.

Yaliyojulikana kwa ukamilifu juu ya maisha haya yametokana kwa sehemu kubwa na mtu mmoja wa Tanga. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka wa 1909, alimwendea Siti miezi michache kabla ya kufa kwake akaongea naye. Na Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Wasifu wa Siti binti Saad ulitolewa mwaka wa 1958 kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki, na baadaye ukawa kitabu kilichosomwa na vizazi vya wanafunzi. Kwa hiyo Kamati iliyotokana na mkutano wa 1928 ndiyo iliyochapa maisha ya mwanamke aliyekwenda Bombay mwaka ule. Ilichukua miaka thelathini mambo yale mawili kukutana katika kurasa zile zile.

Kitabu cha Shaaban Robert ni cha heshima kubwa, tena ni cha kwanza cha namna yake, maana kabla yake ni nadra Mswahili kuandika kwa nathari maisha ya mwanamke asiye mtawala wala walii. Lakini haina budi kusemwa kwamba Siti wa kitabu ni mpole kuliko Siti wa santuri. Mwandishi alikuwa mwalimu wa maadili, akaona katika maisha yale mfano wa subira, unyenyekevu na shukrani, akayapanga hivyo. Ulimi uliomchapa Kijiti na mahakama yake haukupata nafasi ya kutosha. Tena yeye aliyetoka Tanga, jirani wa Wazigua, aliyefanya kazi Pangani na kuijua njia ya Handeni, alitaja asili ya mama kisha akaiacha. Labda aliona kwamba Mswahili wa kweli hana haja ya kabila. Na wazo hilo lilikuwa sehemu ya imani yake kubwa juu ya lugha moja ya watu wote. Lakini lugha moja ya watu wote ilifanyizwa na watu wenye mama zao, na katika habari ya Siti mama ndiye aliyekuwa na ufundi.

Waliomfuata hawakumsahau. Fatuma binti Baraka, aliyejulikana kwa jina la Bi Kidude, alijifunza kwa kumsikiliza, akaimba nyimbo zake, katika unyago na jukwaani, mpaka uzeeni sana. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Chama cha wanahabari wanawake wa Tanzania kilipoanzisha jarida lake mwaka wa 1988, hakikutafuta jina mbali, kikaliita Sauti ya Siti.

Zimebaki sahani. Nyingi zimekwaruzwa, nyingine zimevunjika, na baadhi zimehamishiwa katika mashine za kisasa. Atakayezisikiliza kwa sikio la mwanaisimu atafanya vyema kuwa na mzee wa Kizigua kando yake, mtu wa Handeni au wa Kwaluguru aliyekua akisema lugha ile, na kumwuliza baada ya kila ubeti kama amesikia neno, au mvuto wa silabi, au namna ya kulalamika, ambayo bibi yake naye alikuwa nayo.